Mama Mkwe Wangu Akataa Sauti ya Mwanawe

Nilipowaacha Jumapili iliyopita nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa nyumba yetu ya Walthamstow, na nje amesimama mwanamke niliyeapa hatakanyaga kwangu.

Kwa wewe unayeanza nami leo, nakupa kwa kifupi. Naitwa Haika, mzaliwa wa Machame, nesi hapa London. Niliolewa na Donato, yule mwimbaji ambaye nyimbo zake za mapenzi zinapigwa mpaka kwenye saluni za Barking. Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kilimwangusha jukwaani, wimbo ukiwa nusu. Alipozinduka, taratibu akawa anaelewa kila kitu, lakini maneno hayatoki. Kuongea hawezi, kuandika hawezi. Meneja wake, Ryan, akaanza kuingia wodini na watu wa kampuni ya muziki. Wakiniona, wananyamaza.

Na mama yake Donato, Ermelinda, Mtaliano aliyekuja Uingereza akiwa msichana, hakuja kwenye ndoa yetu. Tangu mwanawe alazwe, yeye alikuwa anakwenda wodini asubuhi, mimi jioni. Manesi wa pale walishajifunza kutupishanisha.

Sasa huyo hapo, anabonyeza kengele tena na tena kama nyumba inaungua.

Nikafungua nikiwa tayari kwa vita.

Alikuwa na sanduku dogo mkono mmoja, mfuko wa sokoni mkono wa pili. Mwanamke mfupi, mabega mapana, umri sabini na kitu, midomo imepakwa rangi nyekundu kama anaenda harusini.

"Jiko liko wapi?"

"Signora, karibu kwanza, keti..."

"Nimekuuliza jiko."

Nikamwonyesha. Akafungua friji, akaifunga. Akafungua kabati, akatoa chupa yangu ya sosi ya nyanya ya dukani, akaishika kwa vidole viwili kama ameshika panya aliyekufa.

"Hiki ndicho alichokuwa anakula mwanangu?"

"Mwanao alikuwa anakula ndizi nyama," nikasema. "Na alikuwa anaomba aongezewe."

Akanigeukia. "Ndizi na nyama. Pamoja?"

"Pamoja."

"Na anaongezewa?"

"Kila mara."

Akavuta kiti, akakaa. Nikaona anaitafakari ile habari kama mtu aliyeambiwa mwanawe amebadili dini.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema mwishowe. Kiingereza chake mpaka leo kina mwendo wa Kitaliano, kila neno linaishia na mkia. "Nimekuja kwa sababu yule Ryan alinipigia simu jana. Ameniita mama. Mwanamume mzima sijamzaa, ananiita mama. Huyo anataka kitu."

Nilikuwa nimeamini Ryan na huyu mama ni kitu kimoja. Nikakaa na mimi.

"Anataka nini?"

"Anataka nisimame upande wake. Anasema wewe ni mpita njia tu. Anasema uliolewa ili upate uraia."

"Uraia nilikuwa nao kabla sijamjua mwanao!"

"Usinipigie kelele. Sijasema nimemwamini. Nimemwambia nitafikiri. Sasa nimekuja kufikiri hapa."

Nikaona bora nimalize kila kitu siku hiyo hiyo. Nikamwuliza lile swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ya ndoa.

"Kwa nini ulinikataa? Kwa sababu mimi ni mweusi?"

Aliruka kwenye kiti. "Mweusi? Nani amekwambia upuuzi huo? Nilikuja hapa nikaambiwa mimi ni mchafu, nanuka vitunguu saumu, nirudi kwetu. Leo mimi nimkatae mtu kwa ngozi yake?" Akanielekezea kidole. "Wewe ni Mlutheri!"

Sikuwa nimelitegemea hilo.

"Miaka mingi nimemwomba Bikira Maria ampe mwanangu mke Mkatoliki. Kaniletea Mlutheri! Tena mkafungia ndoa ofisini, kama watu wanaokata leseni ya gari."

Wasomaji wangu, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mara ya kwanza tangu Donato aanguke. Yeye hakucheka. Alifungua mfuko wake wa sokoni, akatoa nyanya, akaniomba kisu.

Siku ya pili yake tulipanda basi pamoja kwenda hospitali. Ndani ya basi alianza kunisimulia maisha yake bila mimi kuuliza, huku akiwatazama abiria wengine kama nao wanapaswa kusikiliza.

"Nimezaliwa milimani, kusini kabisa mwa Italia. Nilipofika miaka kumi na tisa baba akaniahidi kwa mgane mmoja mwenye kinu cha kukamulia mafuta ya zeituni. Kinu kilikuwa kizuri. Mwanamume, hapana. Nikamwambia baba sitaki. Akasema kwenye nyumba hii hakuna sitaki. Basi nikaondoka kwenye nyumba ile."

"Peke yako?"

"Na msichana mwingine wa kijijini, aliyekuwa amesikia kuna kazi London, chumba cha kufulia nguo za hospitali. Tulipofika tulikuwa hatujui Kiingereza hata cha kuomba maji. Msimamizi wetu anaitwa Maureen, mrefu kama mlingoti. Siku ya kwanza akatuambia, hapa ni Kiingereza tu, sitaki kusikia Kitaliano. Maana yake tukae bubu kutwa nzima na mvuke na mashuka ya wagonjwa. Nikaanza kuimba. Akaja mbio. 'Nimesema msiongee!' Nikamjibu kwa maneno machache niliyokuwa nayo: 'Siongei. Naimba.'"

"Akakufukuza?"

"Akanihamishia kwenye mashuka ya chumba cha upasuaji, yale yenye damu. Nikaimba huko. Baadaye akawa anakuja kusimama mlangoni asikilize. Nilipoolewa na Rocco, Maureen ndiye aliyesimama upande wangu kanisani. Alilia kuliko mimi."

Rocco, baba yake Donato, alikuwa mhudumu wa mkahawa. Wakafungua mkahawa wao wenyewe hapa hapa Walthamstow, jirani na soko. Donato akiwa darasani siku moja, Rocco akaanguka nyuma ya kaunta akafariki. Ndugu zake wakaja kutoka Italia kwa mazishi na uamuzi wao mkononi: mkahawa ufungwe, mjane arudi kijijini, avae nyeusi mpaka afe.

"Nilivaa nyeusi," Ermelinda akasema. "Mtoto akaacha kula. Kila akinitazama anaona jeneza. Basi nikazivua, nikanunua gauni jekundu, nikafungua mkahawa. Shemeji zangu wakasema nimemdhalilisha marehemu. Nikawaambia, marehemu hana njaa. Huyu ana njaa."

Mwanamke wa Kihindi aliyekaa mbele yetu aligeuka akampa mkono. Ermelinda akaupokea kama mtu aliyezoea.

Wodini tulimkuta Kavita, mtaalamu wa usemi. Wazazi wake ni Wahindi wa Kisumu waliohamia Southall, na hunisalimia kwa Kiswahili alichookota kwa bibi yake.

"Mambo, dada! Leo mko wawili? Hii ni mpya."

Donato alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Alipotuona tumeingia pamoja, macho yalimtoka. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akatazama mlango, kama anatafuta maiti.

"Hatujapigana," nikamwambia. "Bado."

Kona ya mdomo wake ikapanda. Mwanzoni mwa ugonjwa hata hilo hakuwa nalo.

Kavita akatueleza mpango wake. Alisema kwa wagonjwa wengine, maneno yakigoma, wimbo hubaki, kwa sababu wimbo unakaa upande mwingine wa ubongo. Unamshika mgonjwa mkono wa kushoto, unaugongagonga taratibu, yeye anaimba neno badala ya kulisema. Mdomo unaweza kukubali kwa njia hiyo.

"Kwa mwimbaji kama yeye nina matumaini makubwa," akasema. "Tatizo hataki kabisa kujaribu."

Nilijua kwa nini. Siku moja alijaribu peke yake akidhani mwenzake wa kitanda cha pili amelala. Ilitoka sauti ya mkwaruzo, kama kiti kinachovutwa sakafuni. Alifunga mdomo, na tangu siku hiyo hakuufungua kwa jambo lolote isipokuwa uji.

Ermelinda akasogea kitandani. Akaanza yeye kuimba, wimbo mmojawapo wa kule kwenye mashuka, kwa sauti ya kifua. Donato akavuta shuka kwa mkono wake mzima, akajifunika uso.

Mama akalivuta.

Mtoto akalivuta.

Mama akalivuta tena. Wodi nzima ikawa inatazama. Nikadhani watalichana shuka la serikali mbele ya macho yangu, mimi nesi.

"Leo umeshinda," Ermelinda akasema akihema. "Kesho narudi."

Tukashuka kwenye mgahawa wa hospitali kunywa chai, na hapo tukamkuta Ryan anatusubiri. Kijana mtanashati, viatu vyeupe, mpole wa maneno. Mimi alinipa salamu ya kichwa. Ermelinda akambusu mashavu yote mawili.

"Mama, nataka usikie kitu kabla ya dunia nzima."

Akaweka simu mezani, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Donato. Wimbo mpya, maneno mapya, ambao Donato hakuwahi kuuimba. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kwa nyimbo zake zote za nyuma, akili mnemba ikamwimbisha. Kila kitu kilikuwepo. Ile pumzi anayovuta kabla ya kiitikio. Ule mtetemo kwenye neno la mwisho. Nikatamani kuondoka na nikashindwa.

Nikamtazama Ermelinda. Alikuwa analia waziwazi.

"Rudia," akasema.

Ryan akarudia.

"Ijumaa mchana tunauzindua mbele ya waandishi wa habari," akasema akimshika mkono. "Tunaomba upande jukwaani uutolee baraka. Wewe ndiye mama. Watu wakikuona wewe, hakuna atakayesema neno."

"Na Donato?" nikauliza. "Donato amesema nini?"

"Amekubali. Nilimwuliza, akaitikia kwa kichwa."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila swali! Ungemwuliza kama yeye ni Papa angekubali!"

Ryan akanipa mgongo. Alikuwa anamtazama Ermelinda. Na Ermelinda, kwa masikio yangu haya, akasema, "Nitakuja Ijumaa."

Tulipofika nyumbani akatoa pasi, akatandika blanketi kwenye meza yangu ya jikoni, akaanza kunyoosha gauni jekundu. Nikashindwa kuvumilia.

"Umelala kwangu! Umekula kwangu! Halafu unaenda kuwabariki watu wanaomuuza mwanao akiwa hai?"

Aliendelea kupiga pasi.

"Ulimkimbia baba yako, ukamshinda Maureen, ukawashinda shemeji zako, leo kijana mwenye viatu vyeupe anakuita mama mara mbili unalegea?"

"Unanipigia kelele," akasema.

"Ndiyo, nakupigia kelele!"

"Vizuri. Ijumaa upige hivyo hivyo. Nitakuhitaji." Akainua gauni, akaliangalia kwenye mwanga. "Na uache kuniita Signora. Signora walikuwa wananiita wateja. Niite mamma."

Nikabaki nimesimama na hasira yangu sijui niiweke wapi.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ulikuwa katikati ya jiji, taa kali, kamera zimejaa, na kwenye pazia kubwa uso wa Donato wa zamani, kabla hata sijamjua, anatabasamu. Wakaupiga wimbo. Ulipokwisha watu walisimama wakapiga makofi, wengine wanafuta macho.

Ryan akapanda. Akasema kiharusi kimemnyamazisha Donato lakini teknolojia imemrudisha. Akasema sasa mama aliyemzaa atatoa baraka zake.

Ermelinda akapanda ngazi kwa gauni jekundu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wimbo huu ni mzuri," akasema. "Nimeulilia. Ryan ni shahidi, alinipa kitambaa."

Watu wakacheka kwa upendo.

"Lakini huyo si mwanangu."

Kamera zote zikamgeukia.

"Mwanangu yuko kitandani. Analishwa uji. Juzi amevutana nami shuka kwa hasira, mkono mmoja, akanishinda. Huyu wenu hana hasira. Huyu hajui kukataa. Mwanangu mimi nilimfundisha kukataa kabla sijamfundisha kufunga kamba za viatu. Nimekwenda kila asubuhi kumtazama, na kila asubuhi ninamkuta yupo. Hajafa! Mtu hajafa, mnamtafutia wa kukaa mahali pake?"

Kipaza sauti kikakatika. Mtu alikizima kule nyuma. Nilimwona Ryan anatoa ishara kwa mkono.

Ermelinda akakitazama kile kipaza sauti, akakiweka chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu akainua kifua.

"Nimefanya kazi kwenye mashine za kufulia!" akapaza, na ukumbi mzima ukasikia mpaka mlangoni. "Mashine kubwa kama lori, zinanguruma kutwa, na nikiimba nasikika! Mnadhani nahitaji kile kidude? Nasema tena! Wimbo huu usitoke! Mama yake nimekataa!"

Ryan akapanda haraka, akamshika kiwiko, anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Mama amechoka, jamani, tumpishe apumzike."

Sijui nilipandaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa juu, nimesimama kati yao.

"Mwondolee mkono."

"Haika, usifanye hivi."

"Nimesema mwondolee mkono mama yangu!"

Akauondoa. Mwandishi mmoja akauliza kwa sauti, "Na wewe ni nani?"

Nikafungua mdomo. Ermelinda akaniwahi.

"Ni mke wa mwanangu," akawatangazia. "Ni Mlutheri. Lakini ni wangu."

Tulitoka tukiwa tumeshikana mikono kupitia katikati ya kamera zile. Nje nilimwona anatetemeka mwili mzima. Nikamfunika koti langu, akaniachia nimfunike.

Saa chache baadaye simu yangu haikupumua. Gladness, shoga yangu mwenye saluni Barking, alinipigia anapiga kelele kwa furaha.

"Haika! Mama mkwe wako yuko kila mahali! Wateja wangu wamekataa kuoshwa nywele mpaka waone video mpaka mwisho! Yule bibi ni Mtaliano au ni Mchaga?"

"Hata mimi najiuliza."

"Mwambie akija hapa namsuka bure!"

Jioni ile ile kampuni ya muziki ikatangaza kwamba wimbo hautatoka mpaka itakapotangazwa vingine. Mashabiki wakaja kusimama mbele ya nyumba yetu na maua. Ermelinda akawatokea dirishani, akawaambia maua hayaliwi, waende nyumbani kwa watoto wao. Wakampigia makofi.

Usiku ule nililala kama mtu aliyeshinda. Nakwambia ukweli, nilijiona mimi na yule mama tumeikabili dunia na dunia imetupisha njia.

Asubuhi tulikwenda hospitali tukiwa na bakuli mbili. Moja ya tambi zake za mkono, nyingine ya ndizi nyama yangu. Alikuwa ameionja jikoni. Hakusema nzuri, alisema tu, "Sasa nimeelewa."

Aliingia wodini kifua mbele. Wagonjwa waliokuwa wanaweza kupiga makofi wakapiga.

"Umeniona?" akamwambia Donato akifunua bakuli. "Umemwona mama yako?"

Donato alikuwa amemwona. Simu ilikuwa mapajani pake, video imesimama pale pale, mama yake amefungua mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu.

Akaipiga meza kwa mkono wa kushoto. Bakuli la tambi likaruka, likaenda sakafuni.

Nilikimbilia kwenye kitufe cha kuita nesi, nikidhani ni kiharusi kingine. Kavita alikuwa karibu, akafika kabla sijabonyeza. Alimtazama Donato usoni, akanizuia.

"Hapana, dada. Haumwi. Anataka kusema."

Donato alikuwa anavuta pumzi, anasukuma, shingo imejaa mishipa, hakuna kinachotoka. Kavita akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono wa kushoto.

"Usiseme," akamwambia. "Imba."

Akatikisa kichwa, hapana.

"Imba, Donato. Vibaya tu. Hakuna anayerekodi."

Akaanza kuugongagonga mkono wake juu ya godoro, taratibu. Na mume wangu, ambaye alikuwa amekataa hilo kwa Kavita, kwangu na kwa mama yake, akafumba macho akafungua mdomo.

Ilitoka sauti iliyopasuka, sauti ya mzee aliyekunywa moshi. Lakini ilikuwa na tuni. Ilipanda, ikashuka.

"So-no i-o."

Kitaliano changu ni kidogo, lakini hilo nalijua. Ndivyo Donato alivyokuwa akijibu kila niliponyanyua ile simu ya mlangoni kuuliza nani. Ni mimi.

Ermelinda akabana mikono kifuani. "Ndiyo, ni wewe! Ni wewe, mwanangu! Ndivyo nilivyowaambia wale washenzi!"

Donato akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana. Akaichukua simu, akatafuta kwa kidole gumba, akabonyeza. Ule wimbo wa kompyuta ukaanza kulia wodini. Kumbe alikuwa nao. Akaiinua simu mpaka usoni kwa mama yake, na akaimba tena, juu ya ile sauti yake nzuri ya mashine, kwa hii iliyopasuka.

"So-no i-o."

Huyu ni mimi.

Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuelewa. Nadhani ni Kavita, kwa sababu ndiye aliyekuwa bado na sauti ya kuuliza.

"Donato, nisikilize. Unataka wimbo huu utoke?"

"Sì."

"Nauliza tena kwa kugeuza. Unataka uzuiwe?"

"No."

Sì ni ndiyo ya Kitaliano, no ni hapana, na sauti ilikuwa wazi. Safari hii hakikuwa kichwa kilichoitikia kwa bahati mbaya. Ryan hakuwa amedanganya. Mimi na Ermelinda tulikuwa tumepanda jukwaani mbele ya nchi nzima kumtetea mtu ambaye hatukumwuliza.

Wimbo ukaisha. Donato akajigusa koo kwa vidole, akatikisa kichwa. Kisha akaigusa simu, akaibana kifuani kwake. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Hii imekwisha. Iliyobaki ni hii. Msininyang'anye.

Ermelinda alikaa ukingoni mwa kitanda, gauni lake limelowa mchuzi wa tambi, akawa mdogo. Nikaona umri wake wote.

Nikasogea kumshika bega. Akaniondoa mkono. Akanyoosha mgongo.

"No," akamwambia mwanawe.

Donato akamkazia macho. "Sì."

"No! Mimi ni mama yako, nasema utaimba kwa koo lako hata ikichukua miaka!"

"Sì!" Safari hii Kavita hakuwa amemgonga mkono hata kidogo.

"No!"

"Mam-ma! Sì!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mama mpaka kidevuni, lakini mikono ilikuwa tayari kiunoni, na macho yake, jamani, yalikuwa yanawaka. Akakunja mikono ya gauni. Akavuta kiti karibu mpaka magoti yakagusana na ya mwanawe.

"Haya," akasema. "Kumbe bado unajua kunibishia. Basi tubishane. Nina siku nzima."

Donato alikuwa ameacha kumtazama. Alikuwa amegeuka upande wangu, mimi niliyesimama pale nimeshika bakuli la ndizi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kidole chake cha kushoto kikaanza kujigonga chenyewe juu ya godoro. Moja. Mbili. Tatu.

"Ha-i-ka."

Miezi yote ile nilikuwa nimeomba nilisikie jina langu mara moja tu kutoka kwenye mdomo ule. Nimeliomba Kilutheri, na mwishowe niliomba hata kwa yule Bikira wa mama yake. Na sasa limekuja, na limekuja likiwa swali. Mwisho wake ulipanda juu ukabaki pale, unasubiri niseme niko upande wa nani.

Ermelinda naye akageuka kunitazama. "Mwambie," akasema. "Mwambie ulichoniambia ukipiga kelele jikoni kwako."

Nikaweka bakuli chini. Wote wawili walikuwa na kidevu kile kile, kimeinuliwa vile vile.

"Donato," nikaanza.